Swedi ni mnyama gani?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Shangani hapa Mtwara, nimechukua viatu vya mtumba sokoni, muuzaji anasema ni swedi orijino, fundi viatu anasema hicho kitambaa tu, shemeji yangu naye anadai swedi ni mnyama wa Ulaya. Nimsikilize nani, na nivitunzeje na hizi mvua?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mnyama anayeitwa swedi hayupo. Ni ngozi hizi hizi za kondoo, mbuzi, ng'ombe, hata nguruwe, ila imegeuzwa, yaani upande wa ndani uliokuwa umeshikana na nyama ndo unasuguliwa mpaka unatoa vinyweleo laini halafu unakaa nje. Ya ng'ombe kwa sababu ni nene wanaipasua, tabaka la juu linatengeneza vile viatu vya kung'aa na la chini ndo linakuwa swedi. Ulaya shemeji hajakosea sana, maana Wafaransa walikuwa na glavu laini wakiziita gants de Suède, glavu za Sweden, baadaye jina la nchi likabaki kwa ngozi yenyewe.

Kuhusu fundi, usipime kwa kupitisha kidole uone rangi inageuka, siku hizi hata ya polista inageuka vilevile. Angalia sehemu iliyokatwa, kwenye ulimi wa kiatu au pale kamba zinapopita. Ngozi inaonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana hovyo, kitambaa mara nyingi utaona kimefumwa. Na asije mtu akakuambia uchome kwa kiberiti, utaharibu kiatu bure!

Kutunza sasa. Kiwi usipake kabisa, tafadhali, inalaza vinyweleo na doa halitoki tena. Swedi haina lile ganda la juu la kuzuia maji kwa hiyo inakunywa haraka, kiatu kikilowa kausha kwa kitambaa kikavu, jaza magazeti ndani, anika kivulini wala si juani wala karibu na jiko, kikishakauka ndo upige brashi. Tope nalo liache likauke kwanza. Doa la mafuta nyunyizia pauda, iache usiku kucha, asubuhi piga brashi.

Ila kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni ukungu, huu unyevu wa bahari hauna huruma, kwa hiyo usivifungie kwenye mfuko wa nailoni, tumia wa kitambaa na uviweke penye hewa. Ukungu ukianza vitoe nje, piga brashi, halafu futa kwa kitambaa chenye siki nyeupe kidogo tu.