Maswali ya wasomaji: Sanamu ya somo imevunjika mkono

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa Halmashauri ya Walei katika parokia ya kijijini huku milimani Umatengo, mkoani Ruvuma, na somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wa parokia, ni Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Kila tarehe 1 Mei tunaandamana na sanamu yake kutoka kanisani hadi shule ya msingi na kurudi. Mwaka huu mvua za mwisho zilitukuta njiani, mbebaji mmoja akateleza kwenye tope, machela ikainama, na mkono wa kulia ulioshika msumeno ukakatika kwenye kiwiko. Vijana wanataka tununue sanamu mpya ya plastiki ngumu mjini na hii tuizike. Wazee wanasema ililetwa na wamisionari Wabenediktini na haiondoki. Majirani wa madhehebu mengine nao wanatucheka kwamba mungu wetu amevunjika mkono. Tufanye nini?
Katibu, Ruvuma

JIBU: Milele, amina. Pole kwa mkasa huo, Ndugu Katibu, na pole zaidi kwa huyo mbebaji, maana najua kijijini jambo kama hili humfuata mtu miaka mingi. Mwambieni mapema kwamba kosa si lake peke yake.

Nasema hivyo kwa sababu sanamu nyingi za zamani za makanisani ni za plasta, na plasta haipatani na mvua. Utazameni mpasuko huo kwa karibu, kwenye mwanga wa dirisha. Mkiona kitu cheupe kinachoacha unga kidoleni kama chaki, na katikati yake waya wa rangi ya kahawia, basi mkono ulianza kuvunjika kabla ya tarehe 1 Mei. Unyevu huingia kupitia nyufa ndogo za rangi, waya wa ndani ukashika kutu, kutu ikavimba na kuipasua plasta kutoka ndani. Kuteleza kwa mbebaji kulimalizia kazi iliyokwisha kuanza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msiizike wala msiikimbize kwa fundi wiki hii. Iwekeni kivulini penye hewa, si juani, kwa majuma kadhaa hadi ikauke yenyewe, na vipande vyote, hata vile vidogo kama punje ya mahindi, vifungwe katika kitambaa safi. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu. Akina mama wenye moyo wa kuiosha kwa maji na sabuni wazuiwe kwa upole, lakini wazuiwe. Baadaye waya wenye kutu utaondolewa, kitawekwa kijiti cha chuma kisichoshika kutu, na mkono utaunganishwa kwa gundi na plasta mpya. Fundi wa dari za jipsamu anaweza kuifanya kazi hiyo ya kiwiko. Ila fundi wa dari si fundi wa sura, na asiruhusiwe kabisa kuupaka uso rangi ya mafuta inayong'aa. Nimekwisha kuona watakatifu waliotoka kwa fundi wakiwa na nyusi za mwigizaji wa filamu, na mwaka uliofuata rangi hiyo ikabanduka kwa sababu ilikuwa imefungia unyevu ndani.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, jambo hili halimalizwi na kamati yenu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1189, inasema kwamba sanamu yenye thamani kwa ukale wake, kwa ufundi wake au kwa ibada inayopewa, ikihitaji kutengenezwa, isitengenezwe bila ruhusa ya maandishi ya mwenye mamlaka wa jimbo, naye ashauriane na wataalamu. Kanuni inayofuata huzuia sanamu inayoheshimiwa sana na watu katika kanisa fulani isigawiwe wala kuhamishwa kwa kudumu bila idhini ya Kiti cha Kitume, yaani Papa na ofisi zake huko Roma. Iwapo sanamu yenu ina uzito huo, atakayeamua ni askofu. Paroko na amwandikie, akiambatanisha picha za mpasuko na maelezo ya wazee kuhusu ilikotoka. Maelezo hayo yaandikwe sasa, wakati wazee wenyewe bado wapo wa kuyasimulia.

Vijana nao wana hoja, kwani sanamu hiyo haifai kubebwa tena kwenye tope. Maelekezo Makuu ya Misale ya Kiroma (kitabu cha sala za misa), namba 318, yanataka kwa kawaida pasiwe na zaidi ya sanamu moja ya mtakatifu yuleyule ndani ya kanisa, lakini hamlazimiki kuziweka mbili mbele ya waamini. Ile ya kale ibaki mahali pake kanisani, na ndogo nyepesi ya kuandamana nayo itunzwe sakristia, chumba cha vyombo na mavazi ya ibada. Hapo ningewaomba vijana waiache plastiki. Ruvuma ina miti ya mninga, mti usiotanuka wala kusinyaa sana majira yakibadilika na ambao mchwa hawaupendi, na wachongaji hawakosekani upande wa kusini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulisema wazi kwamba Kanisa halikuwahi kuufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake. Yosefu mwenye mikono ya seremala wa Kimatengo hatakuwa na upungufu wowote.

Kuhusu majirani, msijibu dhihaka kwa dhihaka. Wanalo andiko lao, Kutoka 20:4, linalokataza sanamu za kuchonga, nanyi mnalo la makerubi wa dhahabu ambao Mungu mwenyewe aliamuru watengenezwe, katika Kutoka 25. Lakini fundisho ninalolipenda zaidi ni la nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu, katika Hesabu 21, na katika 2 Wafalme 18:4 mfalme Hezekia alimvunja vipande kwa sababu watu walikuwa wameanza kumfukizia uvumba. Chombo ni kilekile. Kilichobadilika ni mioyo ya watu. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayopewa sanamu humwendea yule anayewakilishwa nayo. Ndiyo maana plasta ikivunjika, Yosefu hajapungukiwa na kitu, na mnaweza kuwaambia majirani hivyo bila hasira.

SWALI: Katika sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo, akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) parokiani kwetu wanapenda kubeba sanamu ya Bikira Maria mbele ya Ekaristi. Padre mpya amekataa, na wengine wamenuna. Nani yuko sahihi?
Mlei, Moshi

JIBU: Padre yuko sahihi, ingawa natumaini aliwaeleza sababu. Sherehe hiyo, ambayo Papa Urbano wa Nne aliiweka kwa Kanisa zima mwaka 1264, ina kiini kimoja, nacho ni Kristo aliyemo katika monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi. Desturi ya kale ya liturujia ya Kiroma haichanganyi maandamano ya Ekaristi na sanamu za watakatifu. Sanamu hutukumbusha asiyeonekana kati yetu. Ekaristi ni Bwana mwenyewe, na mbele yake ukumbusho hukaa kando. Akina mama wapewe kazi inayowastahili siku hiyo, kama kutandika maua njiani na kuongoza nyimbo. Kisha sanamu ya Mama itoke kwa shangwe yake tarehe 15 Agosti au katika kufunga mwezi wa Rozari, Oktoba, na padre huyohuyo atangulie.

SWALI: Kamati ya fedha imependekeza nafasi nne za kubeba sanamu ya somo zinadiwe baada ya misa, kama tunavyonadi ndizi na kuku, ili tupate bati za kigango. Je, inafaa?
Mwanajumuiya, Njombe

JIBU: Nadini ndizi, nadini kuku, nadini hata mbuzi wa paroko akikubali, ila mabega yasinadiwe. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anakemea kusanyiko linalompa mwenye pete ya dhahabu kiti cha mbele na kumwambia maskini asimame kule. Mnada wa machela utafanya jambo lilelile hadharani, mbele ya watoto wa Utoto Mtakatifu. Jumuiya zipokezane kwa zamu, na wabebaji walingane vimo, kwa sababu machela isiyolingana ndiyo inayoangusha sanamu, kama ndugu zetu wa Umatengo wanavyoweza kushuhudia.