Mashine ya hewa baada ya kupunguzwa tumbo
Dada wa Kisumu, umeuliza kama mumeo aendelee kuvaa usiku mashine yake ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili pumzi isimkatike usingizini, akishafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, maana shemeji anasema hewa itapasua mshono wa ndani ya tumbo. Hofu hiyo hata madaktari waliwahi kuwa nayo. Lakini wagonjwa walipofuatiliwa, walioitumia hawakuonekana kuvuja mshono zaidi ya wasioitumia. Hewa huenda mapafuni. Ile kidogo inayomezwa huleta gesi na tumbo kujaa.

Ninachoogopa mimi ni kuiacha. Siku za kwanza atapewa dawa kali za maumivu, kama mofini, nazo hupunguza kasi ya kupumua, na huyu tayari pumzi humkatika usingizini! Mwambieni daktari wa nusukaputi mapema, na mashine aende nayo wodini, hata kama mnapanda matatu kutoka Kondele. Alale kichwa kikiwa juu.

Kilo zikishuka, daktari atapima upya presha ya hewa na kukagua barakoa kama bado inamkaa. Asiiache kwa sababu tu amekonda. Akipata homa, maumivu makali ya tumbo au moyo kwenda mbio, mpelekeni hospitali usiku huohuo.