Ubao wa mawimbi wa futi 9 wenye ufa: mzuie kwanza fundi wa boti

Ndugu yangu wa Malindi, nimekusoma: ubao wa kutelezea mawimbini umeununua kwa mtalii, una ufa karibu na pezi, umekuwa mzito, na fundi wa boti anataka kuuziba kwa resini yake, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu. Ngoja kwanza!

Chungulia ndani ya ufa. Ukiona vichembe vyeupe vya duara, kama vile vya boksi la televisheni, hiyo sponji ya ndani ni polistireni. Resini ya poliesta, ile ya boti yenye harufu kali, huiyeyusha. Wangu uliliwa hivyo hivyo, tundu la kuingia ngumi, nami nimesimama natazama. Tumia epoksi, resini ya aina nyingine. Kama huna hakika, tumia epoksi vilevile. Ni ghali, lakini haili sponji ya aina yoyote.

Huo uzito ni maji. Uegemeze kivulini, ufa ukiangalia chini, hata siku kadhaa, mpaka maji yasidondoke tena. Juani usiuweke, utafura. Ndipo upige msasa, barakoa usoni, maana vumbi la faiba, lile gamba la nje la ubao, halivutwi.

Ila ufa ukiwa umezunguka ubao mzima, mtafute fundi wa mbao za mawimbi. Usiingie nao baharini wakati wa kusi.