Muulize Bwana Shamba: Nyanya zanyauka zingali kijani

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nina kijishamba nyuma ya nyumba hapa Gede. Huu ni msimu wa pili nyanya zangu zinanyauka zingali kijani, mara tu zikianza kutoa maua. Jirani ananiambia nirundike makuti juu ya matuta nitie moto, ugonjwa ufe. Shemeji naye anasema nifunike nailoni nyeusi. Nifuate lipi? – Msomaji, Gede

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya moto na nailoni, ng'oa mche mmoja ulionyauka. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, chenye urefu wa kidole, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini izame tu. Usitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu, huo ni mnyauko wa bakteria. Usipouona, kagua mizizi: ikiwa na vinundu vinundu, una minyoo fundo. Nakusumbua na hilo kwa sababu dawa nitakayokupa ni kuupasha udongo moto kwa jua chini ya nailoni. Joto hilo huwapunguza minyoo na kuvu, lakini bakteria hawa hujificha chini zaidi.

Jirani mwambie ahsante. Moto wa makuti hupasha vidole viwili vya juu tu, chini kunabaki vilevile. Kwa kitalu kidogo cha miche haudhuru. Kwenye matuta utaunguza mboji, na mchanga wetu wa pwani hauna mboji ya kuchezea. Makuti ezekea banda la kuku.

Shemeji amekaribia, amekosea rangi. Nailoni nyeusi hulinyonya joto yenyewe. Ile angavu hulipitisha jua mpaka kwenye udongo, kisha joto hukwama humo. Wataalamu wa Israel, Jaacov Katan na wenzake, waliieleza njia hii mwaka 1976, na kwa jua letu la kaskazi, Januari hadi Machi, hatuna sababu ya kuwaonea wivu. Ukichelewa ukakutwa na masika, mawingu yatakuharibia.

Lima, vunja mabonge, sawazisha kwa reki, okota kila kijiti kinachoweza kutoboa nailoni. Kisha mwagilia hasa, maji yashuke kama futi moja. Hapa ndipo wengi hulegea: udongo mkavu haupitishi joto vizuri, na vijidudu vilivyokauka huwa vigumu kufa. Tandika siku hiyohiyo, nailoni ilale ikigusa udongo. Chimba mtaro pembeni, fukia kingo, kanyaga. Upepo ukipata upenyo umekwisha. Mbuzi wafunge mbali. Na chini ya mnazi usihangaike, penye kivuli hapapati moto wa kutosha.

Acha wiki 4 hadi 6. Sentimita 5 za juu zinaweza kupita nyuzi 45, lakini kwenye sentimita 20 joto huwa limeshuka sana, ndiyo maana tunangoja wiki nyingi. Ukifunua, usilime tena kwa kina, utapandisha udongo ambao haukupata joto.

Miche nayo isitoke kwenye udongo mchafu. Udongo wa kitalu upikie mvuke: pipa lenye maji kidogo, vijiti vya kuinua gunia lisiguse maji, udongo wenye unyevu ndani ya gunia, mfuniko juu. Fukia kiazi katikati; kikiiva, udongo tayari. Usizidishe moto, na samadi changa usiiweke humo.

Ikiwa glasi ilitoa maziwa, jua peke yake halitoshi. Hapo panda mahindi miaka miwili au zaidi, wala usirudishe biringani, pilipili au viazi mviringo, maana wote ni ukoo mmoja na nyanya. Maji ya mvua yanayotoka shamba la juu yachimbie mfereji yapite kando, na jembe la kuazima lioshe kwanza.

Gugu la ndago halitakufa kwa jua. Hilo utaling'oa kwa mkono.