Mlango usiofunga: kwa mzazi anayetaka mtoto wake mwenye kaakaa wazi aimbe

Nilipoanza kusema, baba yangu nilimwita "mama". Mama naye alikuwa "mama", na dada yangu akawa "nana". Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, walicheka sana, wakasema ni utoto, utaisha. Kumbe watu nilikuwa nawajua vizuri. Ukitaka kusema "b" unafumba midomo, hewa inajaa kinywani, kisha unaiachia. Mimi hewa haikujaa. Ilipanda ikatokea puani, na "b" iliyotokea puani masikioni mwa watu ni "m".

Nilizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa. Wengi wanaita "mdomo sungura". Jina hilo silipendi, ila ukienda kuulizia hospitali litumie tu, utaeleweka haraka. Mdomo wangu ulishonwa ningali mchanga kwa sababu ndio ulioonekana na ndio uliompa mama maneno ya majirani, eti alimcheka mtu mwenye kilema akiwa mjamzito. Kaakaa halikuonekana, basi likasubiri hadi nilipotimiza miaka 6.

Leo naimba kaswida kwenye maulidi na harusi. Karibu kila tukimaliza kuna mzazi ananivuta pembeni, anaangalia kulia na kushoto, kisha ananong'ona: "Dada, samahani, na wangu yuko hivyohivyo. Nikimfundisha kuimba, kile king'ong'o kitamtoka?"

Mwache aimbe. Lakini usimpe kuimba kama dawa, maana mimi nilipewa dawa za namna hiyo kwa miaka 13.

Baada ya kushonwa kaakaa tulirudi nyumbani na ushauri mmoja: mtoto apulize. Nikapuliza puto, mishumaa, mrija ndani ya glasi ya maji, hadi tarumbeta ya plastiki iliyowakosesha majirani usingizi wa mchana. Puto nilikuwa najaza kwa kubana pua kwa kidole gumba pale mama akigeuka. Usemi haukusogea hata hatua. Miaka mingi baadaye nikaja kuelewa kwa nini: kaakaa laini linavyofanya kazi mtu anapopuliza si sawa na linavyofanya kazi anapozungumza, na wataalamu waliopitia tafiti za mazoezi haya hawakuona kuwa yanaondoa sauti ya puani. Hata hivyo bado nakutana na watoto wamepewa puto. Wakilipenda kama mchezo, sawa.

Aliyegundua shida yangu hakuwa daktari. Alikuwa ustadhi wetu wa madrasa. Waliosoma tajwidi, elimu ya kuitamka Kurani, wanajua kwamba ndani ya pua, khayshumu, ni moja ya sehemu tano kuu za kutokea herufi, na kazi yake ni ghuna, ule mvumo wa nuni na mimu, yaani n na m. Kupima ghuna ni rahisi: bana pua. Ukisema "inna" huku umebana na sauti isibadilike, ghuna hukuitoa. Siku hiyo alituamuru sote tubane. Ilipofika zamu yangu, si nuni na mimu tu zilizobadilika. Hata ba ilibadilika, hata sini. Wenzangu wakaangua kicheko. Ustadhi aliwanyamazisha, na jioni akapita nyumbani kumwambia baba, "Huyu mtoto si mvivu wa ulimi. Kuna mlango huko juu haufungi."

Na kweli ni mlango. Mwisho wa kaakaa, karibu na kilimi, pana nyama laini inayonyanyuka na kugusa ukuta wa koo kila tunapotoa sauti ya kinywani. Kwa Kiswahili kazi hiyo haina mapumziko, kwa sababu sauti zetu karibu zote zinahitaji mlango ufungwe. Unafunguliwa kwa m, n, ny na ng', na kwa kale kamvumo ka mwanzo wa mb, mv, nd, nj, nz na ng, basi. Kwangu nyama ile, japo imeshonwa, ilikuwa fupi. Ilinyanyuka ikaishia hewani.

Hilo nililisikia kwa maneno ya kitaalamu nikiwa na miaka 19, Dar es Salaam, kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, binti wa Kiganda aliyesomea Makerere. Nikamwona anafanya yaleyale ya ustadhi. Alinipa sentensi isiyo na m wala n: "Paka kakipasua kikapu cha babu." Nikaisema pua ikiwa wazi, kisha nimebana. Kwa mtu ambaye mlango wake unafunga, sentensi hiyo haibadiliki hata ukimbana kwa kibanio cha nguo. Yangu ilibadilika kabisa. Akashika kioo kidogo cha baridi chini ya pua yangu, nikarudia, kioo kikapata ukungu. Mwisho nikapitishwa kamera nyembamba puani, tukaliona pengo kwenye skrini, mimi machozi yananitoka, kwa uchungu wa pua na kwa kujua kwamba miaka yote ile sikuwa mzembe.

Vipimo viwili, cha kubana pua na cha kioo, unaweza kuvifanya nyumbani leo na mtoto anayeweza kurudia maneno. Sentensi nyingine ninayoipenda ni "Shati la kaka si safi", kwa ajili ya s na sh. Hakikisha tu hana mafua, na usigeuze kuwa mtihani wa kila siku. Sauti ikibadilika anapobanwa pua, au kioo kikipata ukungu, mpeleke kwa waliompasua, na umwambie daktari hasa ulichokiona. "Anaongea vibaya" haimsaidii daktari. "Akisema paka, hewa inatoka puani" inamsaidia.

Mimi nilipasuliwa tena. Walichukua kipande cha nyama nyuma ya koo wakakiunganisha na kaakaa kama daraja, wakaacha njia mbili pembeni za kupumulia. Nilipozinduka kutoka nusu kaputi nilitarajia kusema kama watu. Nikasema "paka", ikatoka "a-a", ile ya kukata sauti kooni.

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na wengine wanadhani upasuaji umeharibika. Mtoto aliyeshindwa kubana hewa midomoni hutafuta mahali pengine pa kuibania, akaipata kooni. Akikua nayo, inakuwa lugha yake. Kisu kinaziba tundu, lakini mazoea hakiyagusi. Hayo ni kazi ya mtaalamu wa usemi, polepole, herufi moja moja. Zoezi lililonitoa lilikuwa la Kipwani kabisa. Watu wa pwani tunatofautisha paa la nyumba na paa wa porini: yule mnyama tunamtamka kwa pumzi, p'aa, unaisikia ukiweka kiganja mbele ya midomo. Pumzi ile ndiyo iliyoivunja tabia ya koo, kwa sababu huwezi kubana koo na kutoa pumzi kwa wakati mmoja. Wiki tatu nilitamka mnyama tu, kiganja mdomoni, kaka yangu akipita ananiuliza kama nimemkamata. Baadaye ndipo nikaruhusiwa kusema paa la nyumba.

Sasa kuimba. Tafiti zilizochunguza kama kuimba kunapunguza sauti ya puani kwa watoto wenye kaakaa wazi ni chache, na nyingi zimefanywa kwa watoto wachache. Atakayekuambia "kwaya itamponya" anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni yaliyonipata mwenyewe. Kuimba kulinifundisha kusikiliza. Katika mazungumzo irabu inapita haraka. Katika wimbo unaishikilia, unaisikia ikikimbilia puani, unapata nafasi ya kuirudisha. Niligundua kwamba "a" inanitii, "i" na "u" zinanitoroka. Nilidhani ni mimi tu, kumbe ndivyo ilivyo kwa wengi wetu: irabu ambazo ulimi unakuwa juu hupeleka sauti nyingi zaidi puani. Kwa hiyo ukimchagulia mtoto wimbo wa kuanzia, chagua wenye mistari inayotua kwenye "a" na "o". Mwambie afungue taya, kinywa kiwe mlango mpana kuliko pua. Unamsaidia hata asiyepasuliwa tena.

Pumzi nayo. Hewa inayovuja puani ni pumzi iliyopotea, kwa hiyo mtoto huyu atakatika katikati ya mshororo wakati wenzake wanamaliza. Mwalimu wa kwaya au wa kaswida amruhusu kuvuta pumzi mara mbili. Kwenye kundi hakuna atakayejua, dufu linafunika mengi.

Ila asipige kelele. Mimi nilijaribu kulishinda tundu kwa nguvu, nikaimba kwa kukaza koo, nikakwaruza sauti miezi mizima. Watoto wanaovuja hewa puani hukaza koo ili wasikike, na nyuzi za sauti zinaweza kuota vinundu. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki mbili tatu, pumzisha kwaya kwanza.

Waliopanda jukwaani kabla yetu wapo. Carmit Bachar aliyekuwa kwenye Pussycat Dolls, kundi la muziki la Marekani, alizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa. Sijui kama shehe wangu angependa nimtaje kwenye makala ya kaswida, lakini mfano ni mfano.

Kwa mwenye mtoto mchanga, swali lenu kubwa huwa: nisubiri akue? Mwaka 2023 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa watoto 558 wa Ulaya na Brazil. Kundi moja lilishonwa kaakaa likiwa na miezi 6, jingine miezi 12. Walipofika miaka 5, mlango ulikuwa haufungi sawasawa kwa asilimia 8.9 ya waliowahi, na asilimia 15 ya waliochelewa. Usikimbie kesho na mtoto wa miezi 6. Anahitaji uzito, damu ya kutosha, na hospitali yenye wataalamu wa usingizi wa watoto wadogo, na daktari ndiye atakayesema yuko tayari lini. Lakini kati ya mwaka na miaka 6 yangu, ona mwenyewe. Gharama isikuzuie kuuliza: shirika la Smile Train hugharamia upasuaji huu katika hospitali washirika Tanzania, Kenya na Uganda. Ukiuliza tarehe ya upasuaji, hapohapo uliza na nani atamfundisha kusema baadaye. Wataalamu wa usemi ni wachache na ratiba zao zinajaa.

Mengine matatu, kwa haraka, kwa kuwa nimeona watu wakiumia. Usikubali mtu amkate mtoto kilimi. Na ukiona kilimi cha mtoto kina ncha mbili kama ulimi wa nyoka, hata kama kaakaa linaonekana zima, mwonyeshe daktari, maana mpasuko unaweza kujificha chini ya ngozi. Pili, daktari akitaka kuondoa nyama za pua, mkumbushe habari ya kaakaa kabla hajapanga siku. Kwa mtoto wetu nyama zile mara nyingine ndizo zinazosaidia kuziba pengo. Zikitolewa, king'ong'o kinaweza kuzidi. Tatu, masikio. Misuli ileile ya kaakaa ndiyo inayofungua njia ya hewa ya sikio, kwa hiyo watoto hawa hujaa maji nyuma ya ngoma ya sikio bila hata kulia. Mtoto anayeimba nje ya sauti huenda hasikii vizuri, mpime kabla hujamtoa kwaya.

Na mrekodi kwa simu, mstari uleule, mara moja kwa mwezi. Mabadiliko haya huyasikii ukiwa naye kila siku. Rekodi yangu ya kwanza ninayo bado, ya wiki mbili baada ya upasuaji ule wa daraja. Nasema "baba" mara tano. Nne ni "mama". Ya tano sikuisikia vizuri kwa miaka, kwa sababu jogoo wa jirani aliwika juu yake. Baba anaapa ilikuwa "baba", na kila Idi anataka niicheze tena mbele ya wageni.