Mpira wa tumboni: niliyojifunza kwa kupasuliwa

Nilivunjika shingo mwaka 2015. Bodaboda na lori, sina la kuongeza. Miguu haiendi, vidole vinashika kikombe kwa taabu.

Miaka miwili nilikaa na mpira wa mkojo uliopita njia ya kawaida. Hakuna aliyetuambia kwamba mpira ukivutwavutwa kila siku humchana mwanamume taratibu. Ngozi ya chini iliachia kama mshono wa suruali na sikuhisi kitu. Mke wangu ndiye aliyeona, akiniogesha.

Nilichotaka mimi ni ule upasuaji wa Mfaransa Paul Mitrofanoff, wa tangu 1980: kidole tumbo kinageuzwa mfereji kutoka kwenye kibofu hadi kitovuni, unajitoa mkojo kwa mpira mdogo mara kadhaa kwa siku, kisha unauchomoa. Daktari hakubisha. Alinipa mpira ukiwa ndani ya pakiti yake, akasema, "Fungua." Nikaishia kuing'ata kwa meno. Tukaelewana.

Kwa hiyo kabla hujapenda upasuaji wowote, jiulize vidole vya nani vitafanya hiyo kazi siku mkeo yuko msibani.

Nikatobolewa chini ya kitovu, mpira ukaingia moja kwa moja kwenye kibofu. Siku hizi naketi bila kuukalia, na mambo ya chumbani yamerudi (ndiyo, ulizeni hilo, madaktari hawalianzi wao).

Wangu hubadilishwa kila wiki sita. Ukichomoka, tundu huanza kuziba ndani ya saa chache, basi weka nyumbani mpira wa akiba wa saizi ileile, na mtu aliyefundishwa kuurudisha. Kama hayupo, nenda hospitali usiku huohuo. Puto dogo linaloushikilia mpira ndani ya kibofu lijazwe maji ya sindano, si dripu ya chumvi. Chumvi huganda na puto likagoma kutoa maji. Mkojo ukinuka bila homa, usikimbilie antibiotiki. Penye mpira wadudu hawakosekani.

Na sisi tuliovunjika sehemu ya juu ya uti wa mgongo: kichwa kikigonga ghafla na jasho likitoka usoni, usitafute panadoli. Presha inapaa, na inaweza kuua. Kaa wima, legeza nguo, fuata mpira wote mpaka kwenye mfuko uone kama umebanwa mahali. Kisipotulia, hospitali. Usiku mmoja niliulalia. Mke wangu aliponiinua, mkojo ukashuka shwaa, kichwa kikaachia. Akabadilisha shuka, akaniuliza kama nataka chai.