Moksa utosini kwa ugonjwa wa Ménière

SWALI: Shikamoo daktari. Nafanya biashara Guangzhou, huu mwaka wa pili. Tangu Machi hunishika kizunguzungu cha saa mbili tatu, natapika, na sikio la kushoto linajaa na kuvuma. Hospitali ya tiba ya Kichina wamesema ni ugonjwa wa Ménière na wanataka kunichomea dawa utosini. Itanisaidia, au nitaungua bure?

JIBU: Marahaba, dada. Pole sana, kizunguzungu cha namna hiyo kinamaliza mtu.

Tiba hiyo Wachina huiita jiu, na nje ya China inajulikana kama moksa. Majani makavu ya ai, mmea wa jamii ya pakanga, hupondwa hadi yalainike kama pamba, kisha hufanywa vifungu vidogo au kijiti mfano wa sigara na kuwashwa moto. Utosini hulenga nukta ya Baihui, pale mstari unaotoka ncha ya sikio moja hadi la pili unapokata katikati ya kichwa.

Tabibu wa Kichina Zhu Danxi, karne ya 14, alifundisha kuwa pasipo kohozi hakuna kizunguzungu. Nasi madaktari wa hospitali za kawaida tunasema maji ya sikio la ndani yamezidi yakavimbisha mfuko wake. Prosper Ménière ndiye aliyeeleza jijini Paris, mwaka 1861, kwamba kizunguzungu hiki hutoka sikioni. Kohozi la huko na maji ya huku yanavutia kulinganishwa, ila kufanana kwa maelezo hakuthibitishi kwamba moto wa utosini unapunguza maji hayo.

China wameifanyia majaribio, na wagonjwa wengi husema wamepata nafuu. Tatizo ni kwamba Ménière huja na kutulia wenyewe, pengine kwa miezi, na huwezi kumficha mgonjwa kama amepata moto au hakupata, hivyo ni vigumu kujua nafuu imeletwa na nini. Kwa hiyo nakushauri: ukiipenda, ifanye pamoja na matibabu ya sikio, usiifanye badala yake.

Kwanza hakikisha jina la ugonjwa. Omba kipimo cha usikivu. Ménière ya mapema kwa kawaida hupunguza kusikia sauti nzito. Kizunguzungu cha sekunde chache ukigeuka kitandani ni kitu kingine, chembe za sikio zimehama, na daktari huzirudisha kwa kukugeuza kichwa kwa utaratibu maalumu. Usikivu ukipotea ghafla, au ukiona vitu viwili viwili, ulimi ukawa mzito au mkono ukalegea, nenda dharura siku hiyohiyo.

Punguza chumvi pia. Ushahidi wake nao si mzito, lakini haina hasara, na hapo ulipo mchuzi wa soya uko kila sahani: kijiko kimoja kikubwa kina karibu miligramu 900 za sodiamu.

Sasa usalama, maana hapa ndipo naogopa zaidi. Watabibu wengi hupima joto kwa wekundu wa ngozi, na ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi. Sema mara tu joto linapoanza kuuma, usivumilie kwa adabu. Kama umesuka rasta za bandia, fumua kabla. Zinashika moto na kuyeyuka juu ya ngozi. Usipake mafuta nywele siku hiyo. Na kama una pumu, moshi wake ni mzito, bora uache kabisa.